Umepigiwa Simu na Mtu Aliyejifanya Benki na Fedha Zimetoka: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Tanzania ambaye amepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki, akamtajia namba ya siri au namba ya uthibitisho, na sasa anaona ujumbe wa fedha kutoka katika akaunti yake. Wengi waliopatwa na jambo hili walifanya karibu kila kilichotakiwa, ila walikosea mpangilio. Walikwenda polisi akaunti ikiwa bado wazi, walimpigia tapeli kumsihi, walifuta ujumbe kwa hasira, au waliripoti benki kwa mdomo na kuondoka bila namba ya kumbukumbu. Kosa la mpangilio hugharimu fedha, kwa sababu kinachoweza kuokolewa saa nne asubuhi mara nyingi hakiokoleki tena saa sita mchana.

Soma hatua zote mara moja kwa haraka, kisha uanze. Kama fedha zinatoka sasa hivi, anza na hatua ya 1 na ya 2, usome mengine baadaye.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Simu ya pili ya mtu unayemwamini, yenye salio la kupiga.
- Kadi yako ya benki. Namba ya huduma kwa wateja huandikwa nyuma yake. Usiitafute namba hiyo kwenye mitandao ya kijamii, kwa kuwa zipo kurasa bandia zenye nembo za benki ambazo zitakuunganisha na matapeli wengine.
- Namba ya akaunti na kitambulisho cha Taifa, au angalau namba ya NIDA.
- Daftari na kalamu. Kila utakayezungumza naye utaandika jina lake, saa na namba ya kumbukumbu atakayokupa.
- Simu iliyotumika wakati wa utapeli, ikiwa na chaji, bila kufutwa chochote.

## Hatua ya 1: Kata simu, na usizime simu yako

Kata mazungumzo hata kama anayezungumza anakuonya kwamba ukikata fedha zitapotea. Tapeli hukuzuia kukata ili usipate nafasi ya kuwaza wala ya kumuuliza mtu aliye karibu nawe. Akikuagiza uzime simu kwa nusu saa "ili mfumo uhuishwe", usizime. Lengo lake ni usione ujumbe wa miamala unaoingia, na nusu saa hiyo inamtosha kumaliza kazi.

Usimpigie tena. Usimtukane, usimsihi, wala usimdanganye kwamba utamtumia nyingine. Kila dakika unayotumia naye unaipoteza katika hatua ya 2.

Kama wakati wa mazungumzo ulielekezwa kubonyeza namba inayoanza na *21* au **21*, huenda umeelekeza simu zako ziende kwake. Hapo benki ikikupigia kuthibitisha muamala, yeye ndiye atakayepokea. Futa uelekezaji huo kwa kupiga ##002# kutoka kwenye laini yako.

*Umefanikiwa pale* mazungumzo yamekatika, simu yako iko hewani, na mtandao umekuonyesha kwamba uelekezaji wa simu umefutwa.

Neno moja kwa anayemsaidia mzazi au bibi aliyepatwa na jambo hili: usimkemee, na usianze na swali la kwa nini alitaja namba ya siri. Mtu anayekemewa huficha sehemu ya maelezo, na sehemu anayoificha mara nyingi ndiyo benki inayoihitaji ili ijue ifunge nini.

## Hatua ya 2: Ifunge akaunti kupitia benki

Tumia simu ya pili kupiga namba iliyo nyuma ya kadi. Usitumie namba iliyokupigia, hata kama ilionekana kuwa ya benki, kwa sababu namba inayoonekana kwenye kioo cha simu inaweza kughushiwa. Kama uko karibu na tawi na ni saa za kazi, mtume mtu mwingine akimbilie tawini huku wewe ukiendelea kupiga.

Sema kwa ufupi, usianze na hadithi nzima: "Nimetapeliwa kwa simu. Nimetaja namba ya siri na namba ya uthibitisho. Naomba mfunge sasa hivi huduma ya benki kwa simu, huduma ya benki kwa intaneti, kadi, na miamala yote inayotoka kwenye akaunti yangu. Kisha naomba namba ya kumbukumbu."

Vitaje vitu vyote vinne. Ukisema "fungeni kadi" pekee, kadi itafungwa, lakini fedha zitaendelea kutoka kupitia simu. Kubadilisha namba ya siri pekee hakutoshi pia. Tapeli huomba ile namba ya uthibitisho, inayofahamika kama OTP, ili akusajilie huduma ya benki kwenye simu yake mwenyewe, na usajili huo unaweza kubaki hai hata baada ya wewe kubadilisha namba ya siri. Mwulize mhudumu waziwazi: "Je, kuna simu nyingine iliyosajiliwa kwenye akaunti yangu leo? Naomba iondolewe."

Ombi la pili ni hili: benki iwasiliane mara moja na benki au mtandao wa simu uliopokea fedha, ili salio lililobaki huko lizuiwe. Hapa ndipo haraka ina thamani kubwa kuliko penginepo. Tangu mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa TIPS uanze kutumika nchini, fedha hutoka benki moja na kuingia benki nyingine au pochi ya simu, kama M-Pesa, ndani ya sekunde chache. Kutoka hapo matapeli huzigawanya kwenye laini kadhaa na kuzitoa kwa mawakala tofauti. Zikishakuwa noti mkononi mwa mtu, hakuna benki inayoweza kuzirudisha kwa kubonyeza kitufe.

Simu ya benki isipopokelewa, ingiza kwa makusudi namba ya siri isiyo sahihi mara tatu kwenye huduma ya benki kwa simu. Kwa kawaida huduma hujifunga baada ya hapo. Hiki ni kizuizi cha muda tu, kwa hiyo endelea kupiga.

Onyo: mtu yeyote akikuelekeza uhamishe salio lililobaki kwenda "akaunti salama", huyo ni tapeli, au ni mwenzake. Benki haimwombi mteja ahamishe fedha zake ili izilinde, huifunga akaunti.

*Umefanikiwa pale* umeandika daftarini jina la mhudumu, saa kamili uliyoripoti na namba ya kumbukumbu, na ukijaribu kuingia kwenye huduma ya benki kwa simu inakukatalia. Ilinde saa hiyo uliyoripoti, kwa maana katika hatua ya 6 itakuwa hoja yako kubwa kuliko zote.

## Hatua ya 3: Wasiliana na mitandao ya simu

Huduma kwa wateja ya mitandao ya simu nchini hupatikana kwa namba 100. Wengi hukwama hapa kwa jambo dogo: ukipiga 100 kwa laini ya Airtel, utapokelewa na Airtel. Kama ujumbe wa muamala unaonyesha kwamba fedha zimeingia M-Pesa, azima simu yenye laini ya Vodacom ndipo upige. Fanya vivyo hivyo kwa Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Taja namba iliyopokea, kiasi, saa na namba ya muamala, kisha uombe salio lizuiwe. Kama pochi yako mwenyewe ya simu inatumia namba ya siri inayofanana na ya benki, ibadilishe papo hapo.

Itazame pia hali ya mtandao kwenye simu yako. Ikiwa alama za mtandao zimepotea ghafla wakati walio karibu nawe wanao mtandao, huenda laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu. Nenda duka la mtandao wako ukiwa na namba ya NIDA, irudishwe kwa alama za vidole, na uombe waandike saa ambayo ilihamishwa. Kumbukumbu hiyo inaonyesha kwamba namba za uthibitisho zilizotumwa baada ya saa hiyo hazikukufikia wewe.

Kisha peleka ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili ya taarifa za utapeli. Utajibiwa na kuombwa namba iliyotumika, nawe uitume. Hatua hii haikurudishii fedha. Kazi yake ni kuifanya laini hiyo ifuatiliwe na kufungwa kabla haijampigia mtu mwingine, na hiyo ni sababu ya kutosha kuitumia.

Mwisho, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, iripoti kwa mtandao husika.

## Hatua ya 4: Kusanya ushahidi siku hiyohiyo

Keti chini, uandike kilichotokea kuanzia simu ilipoita hadi ulipoikata. Andika saa, namba iliyopiga, jina alilojitambulisha nalo, na maneno yake kadiri unavyoyakumbuka. Andika mambo aliyokuwa akiyajua kabla hujamwambia: jina lako kamili, tawi lako, salio, tarakimu za kadi. Watu husahau kuandika jambo hili, na ni muhimu kwelikweli, kwa sababu mtu wa nje hapaswi kulijua salio lako. Kama alilitaja, taarifa hizo zilitoka mahali fulani, nawe una haki ya kuuliza zilitoka wapi.

Piga picha za skrini za orodha ya simu zilizoingia, ujumbe wote wa miamala na ujumbe wa namba za uthibitisho. Hakikisha tarehe na saa zinaonekana. Zitume kwenye barua pepe yako au kwa mtu unayemwamini, ili zibaki hata simu ikiharibika. Omba benki taarifa ya akaunti ya siku hizo, yenye mhuri.

Andika ukweli wote, hata unaouma. Wengi huandika kwamba "fedha zilitoka tu", wakificha kwamba walitaja namba ya uthibitisho. Kumbukumbu za benki zinaonyesha namba hiyo ilitumwa saa ngapi, kwenye laini ipi, na ilitumika saa ngapi. Maelezo yako yakigongana na kumbukumbu hizo, utatiliwa shaka hata katika yale uliyosema kweli. Kudanganywa si kosa la jinai. Anayetafutwa ni aliyekudanganya.

*Umefanikiwa pale* mtu asiyelijua tukio anaweza kusoma karatasi yako moja na kuelewa fedha zipi zilitoka, saa ngapi, kwenda wapi, na wewe ulifanya nini.

## Hatua ya 5: Ripoti polisi na upate RB

Nenda kituo cha polisi ukiwa na karatasi hiyo, picha za skrini na taarifa ya akaunti. Eleza kwamba umeibiwa kwa udanganyifu kupitia simu, na kwamba mhusika alijifanya benki. Makosa ya namna hii yanaangukia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo uliza iwapo jalada linaweza kushughulikiwa na wapelelezi wa makosa ya mtandao. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, na jina la mpelelezi.

Unahitaji RB hata kama una shaka kwamba mwizi atapatikana. Benki au mtandao wa simu hautakupa wewe jina la aliyepokea fedha, kwa kuwa unabanwa na wajibu wa kutunza siri za wateja. Polisi wanaweza kuzipata taarifa hizo kwa utaratibu wa kisheria. Bila jalada, mlango huo haufunguki.

Onyo zito: usimsake mwizi mwenyewe, na usisambaze jina linalotokea kwenye muamala katika makundi ya WhatsApp. Jina lililosajiliwa kwenye laini mara nyingi ni la mtu asiyejua lolote, kwa mfano mama aliyesajili laini barabarani, akaambiwa kidole hakijasoma, akakiweka tena, kumbe laini ya pili ilikuwa inasajiliwa kwa jina lake. Kumtangaza mtu huyo ni kumletea madhara asiyostahili, na wewe mwenyewe unaweza kujikuta ukishtakiwa kwa kusambaza taarifa za uongo.

## Hatua ya 6: Wasilisha malalamiko kwa maandishi

Simu uliyopiga katika hatua ya 2 ilikuwa ya kuzuia hasara. Madai yako rasmi yanaanza na barua. Iandikie benki kupitia meneja wa tawi, utoe nakala mbili, na yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Barua iwe na ukurasa mmoja au miwili: wewe ni nani na namba ya akaunti, nini kilitokea, orodha ya miamala unayoipinga, kila mmoja na tarehe, saa, kiasi na namba yake, saa uliyoripoti na namba ya kumbukumbu uliyopewa, namba ya RB, na unachoomba. Omba kurudishiwa fedha, na kama benki itakataa, ikupe sababu kwa maandishi. Katika barua hiyohiyo uliza: simu mpya ilisajiliwa saa ngapi kwenye akaunti yangu, na mlinitaarifu kwa njia gani? Mlipata saa ngapi ombi langu la kufunga akaunti, na mliifunga saa ngapi? Mliwasiliana saa ngapi na upande uliopokea fedha, nao ulijibu nini?

Ni haki uelezwe matumaini yako yako wapi. Mteja akitaja mwenyewe namba ya siri au namba ya uthibitisho, benki kwa kawaida husimamia masharti ya mkataba na kukataa kulipa. Kwa miamala iliyofanyika kabla hujaripoti, jiandae kwa jibu hilo. Hoja yako ina nguvu zaidi katika maeneo matatu: miamala iliyopita baada ya saa uliyoripoti, miamala iliyofanyika baada ya laini yako kuhamishwa bila ridhaa yako, na dalili kwamba mpigaji alikuwa na taarifa zako za ndani. Ndiyo maana saa na namba ya kumbukumbu vimesisitizwa tangu mwanzo. Mtu aliyeripoti saa 4:10 na muamala ukapita saa 4:35 ana swali ambalo benki italazimika kulijibu. Aliyeripoti kwa mdomo bila kuandikiwa kitu hana namna ya kuuliza swali hilo.

Usipojibiwa, au jibu lisipokuridhisha, peleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo inasimamia benki na watoa huduma za fedha na ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja. Unaweza kutumia mfumo wake wa mtandaoni uitwao Sema na BoT, au kufika katika ofisi zake. Mbali na Dodoma na Dar es Salaam, ina matawi Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Usiende huko kabla ya kupitia benki yako, kwa sababu utaulizwa kwanza benki ilijibu nini. Ambatanisha nakala yenye mhuri, jibu la benki kama lipo, na RB.

*Umefanikiwa pale* kila ofisi uliyoifikia imekuachia karatasi yenye tarehe au namba.

## Hatua ya 7: Funga milango iliyobaki wazi

Kama ulielekezwa kupakua programu ya kuendesha simu ukiwa mbali, mfano AnyDesk au TeamViewer, ipige picha ya skrini kwa ajili ya ushahidi, kisha uiondoe. Badilisha neno la siri la barua pepe ukitumia kifaa kingine, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kuzirudisha huduma nyingine nyingi mikononi mwake. Omba kadi mpya ya benki, na uchague namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa.

Angalia mikopo. Tapeli aliyeingia kwenye akaunti au pochi yako anaweza kukopa kwa jina lako kupitia huduma kama Songesha, Nivushe au Timiza, au kupitia mkopo wa kidijitali wa benki, akaondoka na fedha na kukuachia deni. Pitia kila huduma ya mkopo iliyounganishwa na laini yako. Baadaye omba taarifa yako ya mikopo kwa mojawapo ya kampuni za kumbukumbu za wakopaji zilizoidhinishwa, mfano Creditinfo au Dun & Bradstreet. Deni lolote usilolitambua lipinge kwa maandishi, ukiambatanisha RB.

Kama wewe ni mweka hazina wa kikoba na fedha za kikundi zilikuwa katika akaunti hiyo, wajulishe wanachama siku hiyohiyo, na uwaonyeshe namba ya kumbukumbu ya benki na RB. Jambo hili ni gumu, na anayeliahirisha anaeleweka. Lakini wanachama wanaoambiwa mapema huja kuwa mashahidi na wasaidizi, ilhali wanaogundua wenyewe wiki tatu baadaye huanza kuuliza kama tapeli alikuwapo kweli. Wajulishe pia ndugu wa karibu kwamba akitokea mtu kuomba fedha kwa jina lako, wampigie mtu wa nyumbani kwanza.

## Hatua ya 8: Jihadhari na watakaoahidi kukurudishia fedha

Katika siku au wiki zinazofuata unaweza kupigiwa tena. Safari hii atakuwa "mpelelezi wa makosa ya mtandao", "afisa wa Benki Kuu" au "wakili", naye atakuambia kwamba fedha zako zimepatikana, kilichobaki ni ada ndogo ya kufungulia faili. Atajua kiasi ulichoibiwa na tarehe yake, kwa sababu ama ni tapeli yuleyule au amenunua orodha kutoka kwake. Mtu aliyetoka kupoteza akiba yake hutamani mno kuamini habari hiyo, na wapo waliopoteza hapa zaidi ya walivyopoteza mara ya kwanza.

Usilipe ada yoyote kwa simu. Mwambie akutajie namba ya RB yako na jina la mpelelezi uliloliandika daftarini. Hata akivitaja, kata simu na uende mwenyewe kituoni au tawini kuuliza.

Wafuatilie benki na mpelelezi kila wiki, ikiwezekana kwa kufika, ukiandika daftarini tarehe, jina la uliyemkuta na jibu alilokupa. Fedha zilizozuiwa kwenye akaunti ya mpokeaji haziji zenyewe. Huhitaji utaratibu wa kisheria na mawasiliano kati ya polisi, benki na mtandao wa simu. Uliza kila mara swali moja mahususi: "Kuna kiasi gani kilichozuiwa, kipo wapi, na kinasubiri karatasi gani kutoka kwa nani?" Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha ofisi ya kwenda siku inayofuata.